Makande ya Elinami

Jumanne, tarehe 9 Juni 2071. Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi.

Kwa sheria, Rais haongezi miezi ya vita mpaka ale nyumbani kwa askari, mbele ya wabunge wawili. Akinyimwa chakula, vita vinakwisha. Lakini nani atamnyima mgeni chakula? Kila nyumba imempakulia.

Leo alikuja kwangu. Akaketi kwenye kiti cha mwanangu, ninachokifuta kila siku tangu aende vitani.

"Mama Elinami, makande yananukia!" akatania. "Au nijipakulie?"

Nilimwomba Mungu anisamehe, nikafunika sufuria.

"Mheshimiwa, karibu maji ya kunywa. Waheshimiwa wabunge, shuhudieni. Makande nitayapakua siku Elinami atakapoketi hapo."