Kadi ya Durga

Fundi viatu aligeuza kadi iliyofuata, akaisogeza karibu na macho.

Kila asubuhi alimfundisha bintiye majina ya miungu ya Kihindu kwa kadi za picha, kama marehemu mkewe alivyokuwa akifanya kabla ya sala yake ya kimya ya asubuhi. Ganesha mwenye kichwa cha tembo walishampita, na Saraswati, mungu wa elimu, pia. Sasa mkononi mwake alikuwa Durga, mungu wa kike mwenye mikono mingi, juu ya simba, pembe moja ya kadi imeliwa na panya.

Kadi hiyo aliiweka mwenyewe kifuani pa mkewe siku mwili ulipochomwa. Aliuona moto ukiila.

"Umeitoa wapi hii, mwanangu?"

"Mama kanipa," mtoto akajibu bila kuinua macho. "Anasema wewe unamruka Durga kila siku, na mimi sitajua kuhesabu mikono yake."

"Kakupa lini?"

"Ulipokwenda kuchota maji."

Fundi akailaza kadi mkekani, akaanza kuhesabu polepole: mmoja, miwili, mitatu. Alipofika wa nane, mtoto akasogea pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake aketi.