Kanzu ya Ijumaa

Nilikibinya kinyesi cha paa kwa vidole. Kilikuwa kibichi bado, na chini ya mgunga kilijaa tele. Paa hurudi kujisaidia pale pale.

"Twende zetu, Jawaher," mume wangu alininong'oneza. "Kila Ijumaa twaja milima hii ya Quriyat na kamera yako, hatuoni hata mkia."

Upepo ukatoka kwake ukanifikia, nikanusa udi. Kanzu yake ya Ijumaa huifukiza mimi mwenyewe.

Nikamvuta mkono tukahamia upande wa pili wa mgunga, upepo ukawa unatupiga usoni, harufu ya udi ikabaki nyuma yetu. Hatujakaa vizuri, masikio mawili yakachomoza juu ya mawe, kisha pembe, kisha paa mzima.

Mume wangu akanusa mkono wa kanzu yake, akanitazama.

"Nnaye," nikasema, nikabonyeza kamera.