Efeso ya Mzee Zachariah

"Umesahau tena, Baba. Jana tulipanda ndege. Ukalala njia nzima."

Mzee Zachariah aligeuza uso kuelekea sauti ya mwanawe, Griffins. Glakoma ilikuwa imemwibia macho miaka sita iliyopita, na siku hizi hata kumbukumbu ilikuwa ikija na kupotea kama taa za stima kwao Nyamira, Kenya.

"Kumbe tulipanda ndege," alisema polepole. "Basi tumefika Efeso."

"Tumefika."

Griffins alishusha pumzi. Walikuwa wameegesha gari kando ya mto Mississippi, katikati ya Minneapolis, mbele ya magofu ya kiwanda cha kusaga ngano. Kuta zilizobomoka, matao, vumbi. Kwa asiyeona, jiwe ni jiwe.

Aibu alikuwa nayo, ila shida ilikuwa kubwa kuliko aibu. Mzee alikuwa ameapa mbele ya kanisa zima kwamba hatagawa ardhi mpaka asimame Efeso, mji wa kale wa Uturuki aliouhubiri miaka arobaini. Mahubiri yenyewe yalikuwa yale yale: Waefeso, watu waliofanya kazi sana wakasahau kupenda. Lakini karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado. Akitoka Amerika, harudi. Na Griffins, aliyebeba maboksi kwenye ghala la Shakopee mpaka mgongo ukamkataa, aliitaka ploti ya Nyamira iliyo kando ya barabara ajenge, arudi kwao. Dadake Kemunto ndiye aliyeishi na Mzee kule Champlin, naye ploti hiyo alikuwa ameikodolea macho. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Asubuhi hiyo Griffins alikuwa amekwenda kwa dadake na uongo wa kutosha mdomoni. Haukuhitajika. Kemunto alimfunga Mzee vifungo vya koti na kusema, "Mtembeze, apate hewa." Hata hakuuliza wanakwenda wapi. Griffins karibu amwonee huruma.

Chini ya tao la kwanza alisimama Mudrick, Mtanzania wa mtaa wa Cedar aliyesomea historia. Griffins alikuwa amemwomba ajifanye mwongoza watalii, na Mudrick alikubali upesi, bila kutaka maelezo mengi.

"Karibu Efeso, Mzee. Mimi naitwa Osman. Ni Mturuki, Kiswahili nilijifunzia Zanzibar." Akamtia kiganjani kijitawi cha mzeituni. Griffins hakuwa ameliwazia hilo la mzeituni. Huyu jamaa anajua kazi, alisema moyoni.

Wakaanza ziara. Hapa soko, hapa barabara ya marumaru, hapa jumba la vitabu. Walipokaribia ngazi, Griffins alifungua kinywa amwonye baba yake, lakini Mzee alikuwa ameshainua mguu.

Mwanamke mmoja aliwapita mbio. "Good morning!"

"Watalii," Griffins alisema haraka.

"Na hayo maji yanayonguruma?" Mzee aliuliza.

"Bandari, Mzee," akajibu Mudrick.

"Mimi nilifundisha kwamba bandari ya Efeso ilijaa matope, bahari ikahama."

Griffins alimtupia Mudrick jicho.

"Siku hizi wameizibua," Mudrick alisema.

"Wameizibua." Mzee alitikisa kichwa. "Serikali yao inafanya kazi."

Walimfikisha kwenye ukuta mrefu kuliko zote. Mzee aliupapasa kwa viganja vyote viwili, ufa kwa ufa.

"Paulo alisimama hapa?"

"Hapa hapa, Mzee."

Mzee aliegemeza paji la uso kwenye jiwe, na machozi yakamtoka. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Griffins aliwaza kumkumbatia, amwambie ukweli, amrudishe nyumbani akampikie uji. Akakohoa. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka na karatasi ya wakili.

"Baba, uliahidi."

"Niliahidi. Lete."

Mzee alinyoosha kidole gumba kabla hajaambiwa kuna wino. Griffins alikichovya, akakibonyeza penye mstari. Alama ikatoka safi, kila mkunjo ukionekana. Akaikunja karatasi kwa uangalifu.

"Mungu akubariki, Baba. Hutajuta."

"Mimi? Hapana." Mzee alitoa leso mfukoni, akajipangusa kidole juu ya madoa mengine ya wino yaliyokwisha kukauka, kisha akamgeukia mwongoza watalii.

"Leo umefupisha, Mudrick," alisema. "Siku niliyomwekea Kemunto kidole kwa ploti hii hii, ulinieleza mpaka habari za wafua fedha."