Ufuo wa Mzee Kheri

Bi Mgeni hakulia mumewe alipofariki, wala waoshaji walipomwita uani. Bomba la majitaka la nyumba ile lilikuwa limezibwa na baraza la mji, kwa kuwa marehemu Mzee Kheri aliliunganisha na la umma bila kibali. Na ua wote ulikuwa saruji. Hapakuwa na pa kuchimba ufuo, shimo la kupokea maji yaliyomwosha maiti.

"Tufanyeje, Bi Mgeni?"

Aliwatazama kana kwamba wanauliza habari za nyumba ya jirani.

Ndipo akaingia Shomari, bwana afya, yuleyule aliyeliziba bomba. Akatoa pole, akaelezwa shida, akakunja suruali.

"Sheria inakataza kumwaga majitaka ardhini," alisema. "Nipeni sururu."

Akaivunja saruji, akachimba mpaka shati likamganda mgongoni.

Baada ya maziko alirudi na koleo. Bi Mgeni alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia ndani, mashavu yamelowa machozi.

"Nifukie, mama?"

"Ngoja kwanza," alisema, bila kuinua macho. "Bado yanaingia."