Mkono wa Philémon

Séraphine mwenyewe alinisimulia haya, tukichambua maharagi kwake Mudaka, mwaka uliofuata ule serikali ilipotukataza majina ya ubatizo.

Usiku ule waliketi watatu kwenye benchi moja, yeye na wenzake wawili wa kazi, shingo juu kama kuku wanaokunywa maji. Docteur, mzungu aliyepandisha mashine ya radio kwenye kilima juu ya Bukavu, alikuwa amewaeleza: mawimbi yatapasha anga moto, juu kabisa, na anga litatoa mwanga mwekundu, hafifu. Wao, wafanyakazi wake, ndio macho yake.

«Hakuna kusema,» aliwaonya. «Anayeona anyooshe mukono tu.»

Séraphine, mpishi, alitazama mpaka machozi yakamtoka. Nyota tu. Kando yake Philémon, fundi bustani, aliyekunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, tangu mchana, alikuwa amebana magoti kwa baridi. Ghafla akanyoosha mkono, wima, kama mtoto wa darasa la kwanza. Docteur akamwitikia kwa kichwa, akaandika. Philémon akashuka mbio migombani. Séraphine akadhani mwanga umemtisha.

Basi ni yeye tu asiyeona? Na kesho, nani atataka mpishi kipofu? Akanyoosha wake.

Cirhuza, mlinzi, shemeji yake, mikono yake ilibaki mapajani.

«Docteur, miye sioni kitu.»

«Wenzako wameona. Mulinzi asiyeona ni wa nini? Kesho asubuhi utarudisha koti na funguo.»

Cirhuza akamgeukia Séraphine. Séraphine akaangalia viatu vyake.

Kitandani uso ulimwaka moto gizani. Alikuwa akiwaona watoto sita wa Cirhuza, mmoja mmoja. Mwishowe akaamka, akaenda kugonga kwa Philémon.

«Papa Philémon, nilidanganya. Sikuonaka kitu, nilifuata tu mukono yako. Twende kwa docteur. Weye uliyeona, umwambie ile mwanga ilikuwa kidogo sana, asimufukuze shemeji.»

Philémon akajikuna kichwa.

«Mwanga gani, maman? Si alikataza kusema? Miye nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda kukojoa.»

Séraphine akajifunga kitenge, akapanda peke yake hadi mlangoni pa docteur, ili asubuhi docteur amkute yeye kwanza na asikie ukweli, kabla Cirhuza hajarudisha koti na funguo. Akakaa kizingitini, na usingizi ukamchukua hapo.