Kipande cha Mkaa

Arobaini ya Bi Mgeni ilipofika, mumewe Shomari alitia kipande kimoja cha mkaa kwenye chetezo amfukizie ubani. Alidhani kidogo vile hakitajulikana. Mlango ukajifunga papo hapo, kama ilivyotaka sheria ya kuzuia moshi unaochafua hewa.

"Kuna moshi. Subiri mkaguzi," nyumba ikasema kwa spika ya ukutani.

"Shemeji, umewasha nini tena?" Mwanajuma, dada wa marehemu, akauliza kutoka nje.

"Ubani wa dada yako! Wakubwa wamechoma mafuta miaka nenda miaka rudi, leo mkosaji ni mimi!"

Feni za darini zikaanza kuvuta moshi na kila harufu. Shomari akaikumbatia kanga ya mkewe, ambayo hakuifua tangu azikwe. Asubuhi hiyo ilikuwa bado ina harufu ya Bi Mgeni. Akainusa tena, haikunukia chochote.

"Hewa yako sasa ni safi," nyumba ikasema. Mlango haukufunguka.