Mifupa Yenye Kiu

Vidole vya Mama vilianza kujikunja tena kabla ya saa nne asubuhi, na Rwekaza akaona kwamba dawa imeshindwa.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Mama atolewe ile tezi ndogo ya shingoni, huko Mwanza. Kwa miaka ilikuwa ikinyonya kalsiamu kutoka mifupani mwake, hadi nyonga ikavunjika kwa kujikwaa tu jikoni. Daktari aliwaeleza bila kuficha: sasa mifupa ina kiu, itafyonza kalsiamu yote iliyo kwenye damu. Asipomeza vidonge mara nne kwa siku, na maziwa, na uji wenye unga wa dagaa, moyo unaweza kusimama.

"Msimwachie dawa mwenyewe," alisema. "Mtu amsimamie."

Rwekaza alisimamia. Aliomba likizo shuleni, akamtoa mgonjwa kijijini kwake Kimwani na kumleta nyumbani kwake Kemondo. Annastella, mkewe, aliondoka alfajiri kwenda kazini Bukoba na kurudi giza likiingia. Kutwa nzima alibaki yeye na Mama, na hakubanduka. Hakuwa na mama mwingine duniani.

"Mama, dawa."

"Weka hapo, waitu," alijibu kwa lile neno la heshima la Kihaya.

Hakuipokea mkononi hata siku moja. Alisubiri iwekwe kwenye kigoda, akageukia ukutani na kujifunika kanga kichwani. Baada ya muda vidonge havikuwepo. Rwekaza alidhani anaona haya kwa sababu ya kovu. Lakini uji na maziwa vilipoa pale pale, wakati jioni, Annastella akirudi, Mama alikula vizuri tu. Rwekaza aliona wivu, na akajichukia kwa wivu huo.

Kadiri Mama alivyozidi kudhoofika, ndivyo naye alivyozidi kusogeza kiti karibu.

Asubuhi hii midomo ilikuwa imekufa ganzi na mikono imekakamaa. Alikodi gari mbio hadi hospitali Bukoba, akampigia Annastella simu aje, na wauguzi wakamtundikia Mama dripu. Muuguzi, Benigna, alipofungua kanga ili ambadilishe nguo, vidonge vikamwagika kutoka kwenye fundo. Vilikuwa vya wiki nzima na zaidi.

"Hajameza," Benigna alisema. "Dripu haitamtosha. Ameze sasa hivi."

Rwekaza alipiga magoti kando ya kitanda, akamshikia kikombe mdomoni. Mama alikaza meno.

"Mama, nimekukosea nini?" Akasogeza kikombe tena. "Unataka kunifia mikononi?"

Alilia, mtu mzima na mvi zake, hadi waliokuja kuwaona wagonjwa wengine wakageuza nyuso. Aliapa hatatoka pale, iwe usiku iwe mchana, mpaka amwone akimeza kwa macho yake. Machozi yalimtiririka Mama pia, lakini mdomo haukufunguka.

Mwishowe Mama alimwita Benigna kwa ishara ya kichwa. Muuguzi akainama, na Mama akamnong'oneza kwa Kihaya, ingawa Rwekaza alisikia kila neno.

"Mwanangu, nataka sana kupona. Ila ni mwiko nile mbele ya mume wa binti yangu. Mwombe atoke nje, nimeze."